Koti Lililolala Stoo

DOBI: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, mashine zinanguruma hapa!

KARANI: Mimi, wifi. Mke wa kaka yako.

DOBI: Ahaa! Karani wa ofisi kubwa. Nilidhani namba yangu ulishaifuta.

KARANI: Jamani, hata salamu hakuna? Habari za kazi?

DOBI: Kazi ndiyo hii, uchafu wa watu. Mama hajambo?

KARANI: Hajambo, anakusalimu sana. Sasa wifi, nina—

DOBI: Nilijua. Salamu ya mwenye shida haikosi mkia.

KARANI: Ni koti langu jeusi, lile la sufu. Baridi imeanza, juzi nimelitoa sandukuni... we! Linanuka! Nimelifua mara mbili, harufu ipo palepale. Na Jumatatu nasafiri na mkurugenzi, gari moja, vioo vimefungwa.

DOBI: Umelifua? Sufu? Kwa maji ya moto?

KARANI: Ya moto kiasi. Halafu nikalipulizia marashi.

DOBI: [anacheka] Marashi juu ya uvundo! Vyeti vyote vile ukutani, lakini pua haikwenda shule.

KARANI: Ndiyo maana nakuuliza wewe. Kila mtu na fani yake. Wengine tulisoma, wengine mnajua... sabuni.

DOBI: Malizia. "Wengine wanafua chupi za watu." Uliwahi kulisema mbele ya wageni.

KARANI: Ulikuwa utani ule.

DOBI: Na mimi nilicheka, hukuniona? Haya. Linanuka nini hasa? Vidonge vya nondo? Panya? Jasho? Kila harufu na dawa yake.

KARANI: Unyevu. Kama tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Na kwa mbali kuna... kama dawa ya kuchua. Ile ya kifua.

DOBI: [simu inakwaruza] ...ukungu huo, umeingia kwenye bitana. Ligeuze ndani nje. Siki na maji, nusu kwa nusu, lipulizie tu, usililoweshe. Kisha litundike penye upepo, kivulini, siku nzima. Na usithubutu kulirudisha lilipokuwa. Sanduku mnaliweka wapi?

KARANI: Stoo.

DOBI: Ile ya nyuma ya bafu? Yenye ukuta unaotoka jasho mwaka mzima? Nyie watu! Mle hata ufagio unaota ndevu! Bila shaka mmeliegemeza ukutani, ndiyo maana—

KARANI: Hapana bwana, lipo chini ya kitanda, ukuta haliugusi kab—

DOBI: Kitanda gani?

KARANI: Haloo? Unakatikakatika, wifi.

DOBI: Sikatiki. Stoo ina kitanda tangu lini?

KARANI: Ni... kwa muda tu. Makochi mapya hayakuenea sebuleni, tukaona chumba cha mbele—

DOBI: Cha Mama.

KARANI: —chumba cha mbele kiwe cha kupokelea wageni. Mwenyewe alikubali! Alisema hana neno.

DOBI: Mama yangu hajawahi kuwa na neno maisha yake yote. Tangu lini?

KARANI: Tangu... kabla ya mvua.

DOBI: Kabla ya mvua. Kwa hiyo mvua zote zimemkuta mle. Na hiyo dawa ya kuchua ni yake.

KARANI: Kikohozi kidogo tu cha uzee, wifi, usikuze mambo.

DOBI: Nilipotaka akae kwangu ulinijibu nini? "Mvuke wa sabuni utamuua kifua." Ukanipima kwa macho kutoka kandambili mpaka kilemba. Nikanywea! Nikaona labda mwenye nyumba ya vigae anajua zaidi.

KARANI: Usinipandishie sauti, mimi si mfanyakazi wako.

DOBI: Ungekuwa mfanyakazi wangu ungeshafukuzwa. Koti umelifua mara mbili, umelinunulia marashi, umelipigia simu. Mama umemtoa kwenye hewa mara ngapi?

KARANI: Wifi, tulikuwa kwenye koti.

DOBI: Nipe niongee naye.

KARANI: Amelala.

DOBI: Saa nne hii ya asubuhi? Si huyo anakohoa hapo nyuma yako! Harufu ya koti unaisikia, kifua hicho hukisikii?

KARANI: Wifi, salio linaniishia. Tuyamalize kiungwana—

DOBI: Mfungie nguo zake. Nakuja na gari la kubebea nguo.

KARANI: Mchana kweupe? Majirani watasema nini?

DOBI: Watasema kweli, kwa mara ya kwanza. Na huyo kaka yangu nikimkuta nitamwambia ajue ameoa nini. Nyoka mvaa sufu! Umemfanyia mama yake mambo haya huku yeye maskini—

KARANI: Yeye maskini? Kile kitanda cha chuma unadhani nilikibeba mimi? Alikibeba yeye! Hata taa ya mle alifunga kwa mikono yake. Na ndiye aliyesema, "Dada asiambiwe."

[mashine zinanguruma]

KARANI: Wifi? Upo? Imebaki kama dakika—

DOBI: ...Nipo.

KARANI: Mimi nilidhani unamjua kaka yako.

DOBI: Mvalishe soksi. Mtoe akae kibarazani. Mwambie mwanawe... mwambie binti yake yuko njia—