Daktari Kavutha Alikataa Kusema Sumu

Wasikilizaji wapendwa, mlio Machakos mjini, Katelembo, Mwala na kokote mnakotusikia, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka binti wa Muthetheni, Daktari Kavutha Nzau, aliyefariki Jumatatu kwa saratani. Alikuwa daktari wa wanyama. Alichunguza virusi vinavyoua watoto wa ndovu.

Miaka michache iliyopita alifanya kazi katika kituo cha kulea ndovu yatima. Ndama watatu wakafa mfululizo. Jioni ndama anacheza kwenye matope. Asubuhi amelala chini, ulimi umegeuka zambarau. Mkubwa wa kituo akasema ni sumu. Wakulima wawili wa jirani, ambao mahindi yao yalikuwa yameliwa na ndovu, wakakamatwa.

Kavutha alimpasua ndama wa mwisho kwa mikono yake. Tumboni hakukuwa na sumu. Moyo ulikuwa umevuja damu kila upande. Akasema mkutanoni, "Hivi ni virusi."

Mkubwa wake akamjibu, "Daktari, hii maneno imeisha. Sema ni sumu, twende nyumbani."

Hakusema. Narudia, wasikilizaji: hakusema ni sumu. Alifutwa kazi wiki hiyo hiyo.

Kaka yake, Muthoka, anasimulia: "Alikuja nyumbani na damu ya hao ndama, imegandishwa. Akaweka kwa friza ya mama yetu, ile ya samaki. Mama akamuuliza, 'Kavutha, hawa ndovu wamekupea nini?' Akasema, 'Mwaitu, mama yangu, kuna watu wamefungwa bure.'"

Alibisha hodi maabara moja baada ya nyingine. Kuna waliomcheka. Hatimaye maabara moja ikakubali kupima. Jibu: virusi, katika ndama wote watatu. Kavutha akasimama kortini akayasema hayo. Wakulima wakaachiliwa.

Kituo kingine kikamwajiri. Huko alipima damu ya ndama kila wiki, ili avikamate virusi kabla ya ulimi kubadilika. Wawili walimfia mikononi. Alilia, akanawa, akaendelea kupima. Wa tatu, jike mdogo, alitibiwa mapema, akawekewa maji ya damu, yaani plazma, ya ndovu mkubwa. Akapona. Leo yuko porini na wenzake.

Jana matangani alikuja Kiema, mmoja wa wale wakulima. Alituambia, "Mimi sipendi ndovu. Wamemaliza shamba yangu. Lakini huyu mama alinitetea nikiwa kizimbani, na hakuwa ananijua. Kaburi yake nitachimba mimi."

Mama Mwelu uliyemzaa Kavutha, Muthoka na jamaa yote, poleni sana. Mungu awashike mkono.

Na wewe unayesikiliza, jiulize: mkubwa wako akitaka uongo, na jirani yako yuko ndani, utafanya nini? Usiharakishe kujibu. Kavutha alijibu, akapoteza kazi, na hakuomba msamaha kwa mtu.