Kitabu Alichokificha Mama Rafu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu wa historia aliyetutoka mwezi uliopita. Chuoni tulimwita Mama Rafu. Najua marehemu hasemwi vibaya. Nimeambiwa hivyo na mama yangu, na bosi wangu, hata na fundi mitambo aliyekaa hapa nyuma ya kioo. Nitajaribu. Lakini mama huyu alinitoa jasho, na uongo redioni sisemi.

Mama Rafu alikuwa anaficha vitabu. Narudia, aliyechelewa kufungua redio asipitwe: mwalimu wa historia, mtu mzima na miwani yake, alikuwa anaficha vitabu vya maktaba ya chuo. Kuiba hakuiba hata siku moja. Alikitoa kitabu kwenye rafu ya historia, akakipeleka kwenye rafu ya mifugo, akakisukuma nyuma ya magonjwa ya kuku. Kesho yake anaingia na kikapu chake, anakwenda moja kwa moja kwa kuku, anavuta kiti, anasoma. Sisi tumesimama mbele ya pengo kwenye rafu, tunalitazama.

Mkutubi mkuu amestaafu juzi tu, na bado ana hasira. "Nilimkataza mpaka sauti ikanikauka," ameniambia. "Jibu lake lilikuwa lile lile. 'Dada yangu, kitabu cha kuletewa mkononi hakisomwi, kinanakiliwa tu. Waache watafute. Anayetafuta kimoja atakutana na vitatu.'"

Mimi nilikuwa natafuta kitabu cha nyimbo za wavuna chumvi. Tasnifu yangu yote ilikiegemea. Nikamfuata ofisini kwa adabu zote. Hakuinua hata macho kwenye mitihani aliyokuwa anasahihisha. Akasema, "Mtafutaji hachoki, mwanangu. Akichoka keshapata."

Nilichoka, wasikilizaji. Sikupata. Nilibadilisha mada, na mpaka leo naweza kuwaeleza dalili zote za ugonjwa wa mdondo wa kuku.

Sasa, huyu mama alikuwa na binti. Mmoja tu, naye anasoma historia chuo kile kile. Binti anaandika juu ya wanawake waliofanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Kuna kitabu kimoja cha mahojiano yao, na maktaba ina nakala moja. Wanawake wenyewe wengi wao wameshafariki, hakuna wa kumuuliza. Na kitabu hakipo kwenye rafu. Mnajua kaficha nani.

Ungedhani damu nzito kuliko maji. Binti amekuja hapa studio, msikilizeni. "Nilimwomba jikoni, tukiosha vyombo. Nikamwambia, mama, nikichelewa kuwasilisha narudia mwaka. Akanipa sahani nikaushe. Akasema, 'Mtafiti haletewi.'"

Basi wakanuniana. Nyumba ya watu wawili, kila mtu anajichemshia chai yake.

Halafu mama akaugua moyo, akalazwa. Siku ya kuruhusiwa akamwambia dereva wa teksi wapitie chuoni. "Nikamuuliza, mama, hata leo? Daktari kasema ukalale," anasema binti. "Akaniambia nimsubiri garini. Akapanda zile ngazi za maktaba ameshika ukuta. Nilikuwa nimenuna, sikumfuata. Aliporudi hakusema kitu, nami sikuuliza. Nilijua kaenda kuficha kingine."

Wiki ile ile Mama Rafu akafariki.

Baada ya mazishi, binti akarudi maktaba kukisaka kile kitabu. Mkutubi mkuu akamsaidia. Wakapekua kuku, wakapekua ng'ombe, wakahamia ufundi bomba na sheria za barabarani. Vitabu vya historia vikaanza kutoka kila pembe, vina vumbi, vimelala kifudifudi. Nyimbo za wavuna chumvi zikapatikana nyuma ya ufugaji wa nyuki. Nyuki, wasikilizaji. Mimi niliishia kwa kuku. Sitaki kulizungumzia.

Lakini kitabu cha wanawake wa kiwandani hakikuonekana. Tarehe ya kuwasilisha ikabisha hodi. Binti akakata tamaa, akakubali moyoni kurudia mwaka. Akaketi sakafuni kwenye ujia wa historia, miguu kainyoosha. Mkutubi akamletea maji. Akainua kichwa anywe.

Kitabu kilikuwa mbele yake. Kwenye rafu ya historia, kwa namba yake, kimesimama wima kati ya wenzake. Hakuna aliyeangalia pale. Nani angekwenda kutafuta kitabu cha Mama Rafu mahali kinapotakiwa kuwa?

Najua mnangoja niseme ndani mlikuwa na barua. Hamkuwa na barua. Kilikuwa kitabu tu.

Hapo ndipo mkutubi alipokumbuka. "Ile siku ya teksi nilimkuta amesimama pale pale, anahema. Nikamwambia, umekuja kuchukua kingine? Akasema, 'Leo sichukui, dada.' Sikumwamini."

Binti aliwasilisha kazi yake kwa wakati. Nilimuuliza anajisikiaje. "Alikuwa hana pumzi," akasema, "na zile ngazi akazipanda. Aliniletea. Na mimi niko garini nimenuna."

Mtafiti haletewi, alisema. Akaleta.

Kwa binti, kwa mkutubi mkuu na kwa walimu wenzake, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awape subira, maana kuishi naye pia kulihitaji subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mwenye kitabu cha maktaba chini ya kitanda akirudishe, tena kwenye rafu yake. Na kama kuna mtu umemnunia, akirudi garini leo, muulize alikuwa anafanya nini huko.

Pumzika, Mwalimu. Umetuchosha.