Mikeka Yetu Ilipopigwa Picha

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Alhamdulillah, leo nimesimama mbele yenu na sauti inatoka. Mwenyezi Mungu ni mkubwa!

Mimi ni msuka mikeka wa kijiji cha Salale. Mume wangu alitangulia mapema, nikabaki na binti mmoja, Mwanahawa. Tulikuwa tunakaa barazani, yeye anasuka ukili, ule ukanda mrefu wa minyaa, mimi naushona uwe mkeka. Rangi alizipanga yeye, na kila mkeka aliupa jina. Kisha homa ikamchukua. Ndugu zangu, nyumba ilinyamaza! Miaka ile biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, mikeka ya plastiki ikajaa madukani, wateja wakaniacha. Mikeka yetu nikaikunja, nikaiegemeza ukutani. Kila nikimaliza kuswali, nilimwomba Mungu anichukue na mimi. Kweli nilimwomba!

Mtoto wa kaka yangu, Zuhura, alikuwa na ofisi ya kuchapa barua Kibiti. Siku moja alikuja, akaiona mikeka.

“Shangazi, kazi hii inaozea ndani? Watu siku hizi wanaonyesha kazi za mikono kwenye mtandao wa kompyuta. Tuibebe, nitaipiga picha.”

Nilimfuata hadi Kibiti kwa sababu sikuwa na nguvu za kukataa.

Aliazima kamera ya dijitali. Siku ya kwanza tuliitandika mikeka uani, jua la utosini. Tulipozitazama picha kwenye kompyuta, nyekundu imekuwa nyeusi, mkeka umepinda, taa ya kamera imeacha doa jeupe katikati.

“Na huu hapa ni mguu wako, Shangazi!”

Nikacheka. Kicheko changu kilinishtua mwenyewe.

Asubuhi yake tuliitundika mmoja mmoja ukutani, kivulini. Nikauvuta ukanyooka, Zuhura akasimama mbele yake sawasawa, taa ameizima. Rangi zikatoka kama zilivyo! Akakata kingo, akazipunguza picha ukubwa ili zifunguke upesi. Kisha akauliza, “Huu unaitwaje? Kila picha lazima iwe na jina.”

Majina yale sikuwa nimeyatamka tangu msiba. Nikasema, “Maji Yanajaa.”

“Na huu?”

“Mgeni Kalala.”

Nikataja huku nalia, hadi wa mwisho. Akauliza aandike kazi ni ya nani. Nikamwambia, “Ya Mwanahawa na mama yake.”

Picha alizipeleka Dar kwenye diski, akaziweka mtandaoni huko, maana Kibiti mtandao haukuwepo. Mimi nikarudi Salale. Kimya! Miezi ikapita, nikairudia dua yangu ile ile.

Ndipo Zuhura akaja na habari. Mwanamke mmoja wa Ngazija, kule Komoro, ameziona picha, akaandika kwamba marehemu mama yake alikuwa akisuka hivyo hivyo. Hakutaka kununua kitu. Aliuliza tu, “Mama na binti yake hawajambo?”

Ndugu zangu! Mtu wa ng'ambo, asiyenijua, anauliza hali ya mwanangu! Nikamwambia Zuhura amjibu: binti amefariki, mama yupo. Nilipolitamka hilo neno “yupo”, nililia kwa sauti, na kifua kikawa chepesi. Hapo Mungu alinitoa gizani!

Upweke haujaisha, sitawadanganya. Jioni bado ni ndefu. Lakini dua ile nimeiacha, na sasa ukili nasuka mwenyewe. Wewe uliyejifungia na msiba wako, mtegemee Mola wako, na jina la mpendwa wako litamke. Yeye anasikia. Mimi alinisikia!