Kosa Ambalo Mwalimu Badibanga Aliacha Kulisahihisha

Tunayemlaza leo ni Mwalimu Badibanga Henri. Alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 9 Mei 1948, mtoto wa mchimba shaba aliyeletwa kutoka Kasai. Alisoma kwa mapadri, kisha Lubumbashi, akarudi mwaka 1972 kufundisha Kiingereza. Mwaka 1975 alimwoa Kabedi, ambaye Mwalimu hakuwahi kumshinda kwa maneno hata siku moja.

Darasani alikuwa mkali kwa jambo moja. Neno letu "haupashwe" linabeba mawili: huna lazima, na pia umekatazwa. Kiingereza kinayatenga: "don't have to" ni la kwanza, "must not" ni la pili. Wanafunzi waliyachanganya, na mmoja wao, Kabemba, aliwapita wote. Miaka mitatu Mwalimu alimpiga wino mwekundu palepale.

Machi 1993 watu wa asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa mkoani. Mwalimu aliogopa hata kukohoa, ila aling'ang'ania nyumba yake, maana hakuwa na kwao kwingine. Tarehe 24, mchana, vijana waliokuwa wakifukuza watu walipita wakiimba, Kabemba akiwa kati yao. Alidondosha mlangoni karatasi ya Kiingereza, wenzake wasiweze kuisoma: "Teacher, you don't have to stay."

"Anasema nini?" Mama Kabedi aliuliza.

"Anasema haiko lazima tubakie."

"Basi tukipenda tutabakia."

Mwalimu aliisoma tena. "Hapana, mama. Ni Kabemba huyu. Anachanganyaka. Anataka kusema tusibakie. Kamata batoto, tuende."

Waliondoka sufuria ikiwa bado motoni. Jioni nyumba ilichomwa. Walikaa stesheni wiki tano wakingoja treni ya Kasai, na hapo walimzika mtoto wao Mignonne, mwenye miezi kumi.

Walirudi mwaka 2006, akafundisha tena hadi 2014. Kosa lile alilipigia mstari tu, bila kuandika neno. Lakini hofu haikumtoka: alilala na viatu miguuni. Figo zilipomlaza, Novemba 2018, kila treni ikipiga honi aliuliza, "Tunapashwa kuenda?"

"Hatupashwe, baba," Mama Kabedi alimjibu.

Alifariki tarehe 3 Februari 2019, asubuhi. Ameacha mjane, watoto Tshimanga na Mbombo, wajukuu sita, na Kabemba, ambaye leo amekaa pamoja na watoto. Jana Mama Kabedi alimvua mumewe viatu kwa mikono yake mwenyewe. Apumzike kwa amani Mwalimu wetu. Hapashwe tena kukimbia.