Mama Kasika Anashuka ku Kyaghanda

Miaka kumi na tisa Mama Kasika Rébecca amechunga muji wetu wa zamani, Vusekera, na tarehe 28 juni 2025 anaacha kazi. Magoti imekataa. Ba-comité baliniambia niandike hii karatasi ya fête ya kumuaga juu mimi ndiye napikia bageni tangu mwanzo, donc nimeona yote kwa macho. Nimeona kweli. Na ingine mpaka leo mudomo yangu haijafunga.

Kwa batoto ya Butembo benye hawajui: kyaghanda ni ile nyumba ya mviringo ya bankambo, babu zetu, pale banaume balikuwa banaota moto na kukata maneno. Vita ilitutawanya. Tulipokuja kurudi, ilibakia miti tu, na kondoo ilikuwa inalala ndani. Kasika akaita bamama kumi na mbili, akabauliza: «Batu banatoka Beni kwenda kuangalia tembo Uganda. Banashindwa kuja kuona nyumba ya nkambo yao?» Tulicheka sana. Yeye akakamata jembe, akaanza kulima njia.

Kisha matajiri ya Butembo, batoto ya hapa, bakatutumia manjanja, ni kusema mabati, makumi ine, mpya, ya kungaa. Hatukuwaza mara mbili. Kwetu mutu akipata manjanja, amekuwa mutu. Tukaipiga ku kyaghanda, pasteur akaomba, tukacheza. Mwezi ule ule Nassoro, mwenye gari wa Butembo, akatuletea bageni ya kwanza, chorale moja ya kanisa ya Beni. Bakashuka, bakazunguka, bakaniuliza: «Mama, muji wa zamani iko wapi?» Nikabaonyesha na kidole. Moja akasema: «Ile dépôt ya simenti?» Dépôt! Nilisikia haya mpaka sombe ikaungua ku moto.

Kasika akasema manjanja itoke, majani irudi. Mais nani alijua kusuka majani? Bafundi balikuwa bamekufa, na banaume benye balibaki balisema ni kazi ya bamasikini. Yeye alijua, juu baba yake alikuwa fundi na hakuzaa mutoto mwanaume. Asubuhi moja natoka kuchota maji, natupa macho: mwanamuke iko juu ya kyaghanda, kikwembe amefunga katikati ya miguu! Ndoo ikanianguka. Kwetu mwanamuke hapandi juu ya nyumba, hata ya kuku. Mimi ndiye nililalamika wa kwanza, sifichi: «Kasika, shuka! Unataka mvua ikatae muji muzima?» Hakugeuka hata. «Yaya, dada yangu, mvua ndiyo inaingia humu. Nitupie kamba.»

Mzee Mathe, chef wetu, akamukata amende ya mbuzi moja juu ya kosa la kupanda. Akaleta. Juma ingine tunamuona kwa chef na mbuzi ya pili: anaifunga ku mulango, kisha anaenda zake kupanda. Amelipa mbele ya kukosa! Mbuzi ilipofika tano, ikamaliza maharagi yote ya bibi ya chef, na ule mama akamuambia bwana yake: «Futa ile sheria, ao ukalale nayo mbuzi yako.» Ikafutwa.

Leo nyumba saba iko na majani. Batoto ya masomo banakuja, batu ya Kasindi banakuja na bibi yao, bamama banauza kahawa na vikapo, vijana bamerudi kujenga. Ile miaka barabara ilikuwa ya risasi, mugeni hata moja hakuna, Kasika alibadilisha majani vilevile. Tulimuuliza anabadilishia nani. Alisema nyumba haijui vita, inajua mvua.

Sasa mwezi wa tano akatuita: magoti imekwisha, na majani ya kyaghanda imeoza, lazima isukwe upya mbele ya mvua ya mwezi wa tisa. Banaume ya comité bakatazama viatu. Miaka kumi na tisa, hata moja hakujifunza! Nawaambia hapa hapa, banaume benye mumekaa na makoti yenu: haya iwakamate. Na Mumbere, président wetu, akaanza kusema juu ya manjanja ya rangi ya majani. Ya rangi ya majani!

Pale Elsa akasimama. Muke wa pasteur! Akasema tangu Pasaka, kila siku ya ine ya juma, yeye na bamama ingine ine banasuka majani nyuma ya kanisa, Kasika anabafundisha. Mimi niliwaza ni répétition ya nyimbo ya chorale. Nilikaa chini bila kutafuta kiti.

Elsa na benzake banapanda siku ya kwanza ya juma yenye inakuja. Ngazi nitaishika mimi mwenyewe, na mwanaume mwenye iko na neno, aje ashike upande ingine.

Asante, Kasika, kwa muji. Mungu akupatie miaka mingi na jua ya kuota. Mvua ikinyesha, usitoke kuangalia. Geuka upande ingine, ulale.