Aliyehesabu Pumzi za Ng'ombe: Mzee Gaopalelwe Seleke, 1956–2024

"Mma Tirelo, hivi mumeo ni mzima kweli? Tangu asubuhi yuko uzioni anahesabu ng'ombe wangu wanavyohema!"

Jirani yetu Mma Sethunya alimuuliza hivyo Mama Keneilwe Seleke, mke wa marehemu na mama yake Tirelo, mwaka mmoja wa joto kali. Mama Keneilwe akamjibu, "Mwache ahesabu, jirani. Siku akinyamaza ndipo uogope." Leo amenyamaza, nasi tumekuja kumsindikiza.

Mzee Gaopalelwe alizaliwa tarehe 14 Juni 1956 hapa kijijini Manthe, Taung, mtoto wa tatu wa baba yake, Rre Modisaotsile, na mama yake, Mma Gasebonwe. Alibatizwa mwaka huohuo. Alisoma hapahapa hadi darasa la tano, kisha akatolewa shuleni akachunge. Biblia aliisoma hadi mwisho wake, taratibu, kidole kikifuata mstari.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye mazizi ya kunenepesha ng'ombe karibu na Vryburg, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2017.

Alifunga ndoa na Mama Keneilwe tarehe 12 Aprili 1984. Ng'ombe wanane wa mahari aliwaswaga mbio juani asichelewe. Baadaye alikuwa akicheka: "Siku ile akili yangu haikuwa kwa ng'ombe, ilikuwa kwa bibi harusi."

Januari 1992 msimamizi aliagiza ng'ombe weusi, walionona wakakaribia kuuzwa, watolewe saa sita mchana wakachanjwe. Walikuwa wameshiba tangu asubuhi. Marehemu aliwatoa. Kufikia jioni ishirini na watatu walikuwa wamekufa kwa joto. Alirudi nyumbani akakataa kula. "Niliwaona midomo wazi, mate yanachuruzika," alimwambia mkewe. "Nikanyamaza, Keneilwe." Aliungama mbele za Mungu, na tangu hapo hakunyamaza tena. Kila alfajiri alisimama uzioni na saa yake, akihesabu mbavu zinavyopanda na kushuka. Wakati wa joto aliwaongezea mabirika ya maji, na chakula kingi akaomba kitolewe jioni, kwa sababu tumbo la ng'ombe likisaga nalo hutoa joto.

Januari 2016 lori lilikuja kupakia ng'ombe saa tano asubuhi. Akasimama mlangoni mwa zizi.

"Bosi, leo hawatoki."

"Seleke, umekuwa daktari wa mifugo lini?"

"Sijawa, bosi. Ila usiku haukupoa. Hawa wameamka na joto la jana, unataka kuwaongezea la leo? Njoo uhesabu mwenyewe."

Bosi alihesabu dakika nzima. Alipofika pumzi mia na ishirini, zaidi ya mara mbili ya kawaida, akafunga daftari la upakiaji. Lori lilipakia kesho yake alfajiri, wala hakufa hata mmoja.

Mwaka 2022 alianza kuugua moyo. Alitibiwa hospitalini Taung, akarudi nyumbani, na Jumanne tarehe 16 Januari 2024, saa kumi na moja alfajiri, Bwana alimchukua akiwa kitandani kwake.

Ameacha mjane, Mama Keneilwe, watoto watatu, Tirelo, Obakeng na Gofaone, wajukuu saba, na dada yake Gabaiphiwe. Mungu aliyemuumba na ampe pumziko.

Liko jambo moja la kuwaeleza wajomba na wageni. Jana mchana mlisimama barabarani kumpokea ng'ombe wa msiba, wa kuchinjiwa waombolezaji, kama desturi yetu ilivyo, na hamkumwona. Wengine mlisema, "Huyu mjane anamzika mumewe mikono mitupu?" Ng'ombe alikuwa amekwisha kufika tangu alfajiri, amefungwa kivulini nyuma ya nyumba, na ndoo ya maji mbele yake. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza, wiki mbili kabla ya kufa, akiwa ameushika mkono wa mkewe:

"Ng'ombe wa msiba wangu mleteni kabla ya jua. Msimkimbize. Mpeni maji kwanza."