Nazi ya Kupandwa Jeppestown

Tabia, mama wa Kipemba, alipanda teksi ya abiria wengi Fordsburg, kusini mwa Afrika, akakaa karibu na Mrundi mmoja, Adrien, aliyepakata nazi yenye chipukizi refu. Uvumilivu ukamshinda.

“Kaka, hiyo imeshaota, haina tui la maana,” alimwambia. “Ipasue leo leo ule joya lake, lile bonge laini la ndani, ni tamu sana.”

“Siipasui, mama. Naenda kuipanda Jeppestown.”

Tabia alijizuia kucheka. “Na baridi hii ya Juni? Itakufa.”

“Nitaiweka ndani, kwenye ndoo. Mke wangu kajifungua jana. Nilipozaliwa mimi, baba alinipandia mchikichi kule Rumonge. Huku mchikichi sijaupata, nikaona mnazi ni ndugu yake.”

Moyo ukamlainika Tabia. “Basi ilaze ubavu,” akasema, “uifukie nusu tu, utie na chumvi kidogo. Lakini nakwambia, itakufa.”

“Itakufa ikiwa imenizidi urefu,” alijibu Adrien, akamwomba dereva asimame baada ya roboti, zile taa za barabarani.

Adrien aliposhuka, Tabia alifungua dirisha akamuuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume.

“Mapacha,” alisema Adrien huku akicheka, na teksi ikaondoka kabla Tabia hajamwambia kwamba nazi moja haitoshi.